Ngoma ya Mwenyewe, Mdomo Wako

Ingia club yoyote ya mugithi hapa Nax (Nakuru) Furahiday usiku na utapata msee mmoja amekaa kwa kiti ya plastiki. Ako na gita, maiki, kofia ya cowboy, na kakinanda nyuma kanampigia ngoma na besi. Ataanza saa nne na atapiga hadi che. Atapiga Kamaru na DK, wale wazee wa ngoma za Kikuyu, atapiga Jim Reeves, atapiga ule wimbo wa kanisa shosh yako huimbanga akiosha vyombo, na kwa hizo mangoma zote labda mbili ndio zake. Hakuna mtu hata mmoja atasimama adai arudishiwe doo ya gate.

Sasa cheki. Huyo huyo msee akiingia studio atoe kitu yake, watu watasema tu "amejaribu". Akirudi kwa kiti yake apige ya Kamaru, club inawaka. Na kuna mwingine, club ya pili hapo mbele, anapiga hiyo hiyo ya Kamaru, noti kwa noti, hajakosea mahali, na watu wanacheki simu. Ngoma moja, mji mmoja, usiku mmoja. Kwa huyu imekaa yake, kwa yule imekaa nguo ya kuomba.

Mimi nimekuja na theory yangu na niko tayari kubishana nayo hadi asubuhi. Kava poa inabonga na ngoma ya kwanza. Inaiuliza swali, inaitania, saa zingine inaibishia waziwazi. Kava mbaya inakaa tu hapo ikiitikia "ndio mkubwa" kuanzia vesi ya kwanza hadi mwisho.

Chukua Ndari ya Mwarimu. Joseph Kamaru ndio aliitoa, stori ya mwalimu na mwanafunzi msichana, na ilichoma walimu hadi chama yao, KNUT, ikatishia kugoma. Yaani hiyo ngoma ilizaliwa ikiwa na moto. Msee akiipiga leo vile tu ilirekodiwa, inakuwa somo ya historia, watu wanaskiza na heshima kisha wanaitisha nyingine. Lakini akiwa Njoro, na akicheki ameketi mbele ya mameza tatu za wanafunzi wa Egerton, hapo mwalimu anageuka lec wa chuo. Kunaingia simu. Kunaingia M-Pesa imetumwa saa nane usiku na hakuna mtu anataka kusema ni ya nini. Meza zote tatu zinapiga nduru, na kuna buda mmoja hapo kona anaanza kuangalia viatu zake. Ngoma imechoma mtu tena, vile ilikuwa imetengenezwa kuchoma. Naamini Kamaru angetambua hizo nduru haraka kuliko angetambua noti zake.

Hiyo ndio shule ya mugithi, na nadhani ndio shule kali zaidi ya kava tuko nayo Kenya. Wasee ka Mike Rua na marehemu Salim Junior walijenga majina kubwa wakipitisha ngoma za wazee kwa midomo yao wenyewe. Hakuna bendi ya kukuficha. Hakuna mtu wa taa. Ni wewe, nyuzi sita, na watu wameingia keroro na wanajua hizo ngoma kukushinda, juu walizaliwa zikiimbwa kwa nyumba. Ukibore, wanajua. Ukikosea jina ya mto kwa ngoma ya zamani, kuna mzee atakurekebisha akiwa kwa meza yake. Na huachi nafasi kati ya ngoma moja na ingine, unaziunganisha tu, juu ukinyamaza watu watakumbuka wamechoka. Kwa hivyo msee anajua ni ngoma gani zinaweza shikana mkono. Anatoka kwa ya mapenzi ya 1975 anaingia kwa wimbo wa kanisa, na kabla ujue umeimba haleluya, maneno yashageuzwa yako chini ya shuka. Kuna watu hiyo huwaudhi sana. Mimi huniudhi kidogo, kisha nacheka.

Halafu kuna hesabu ya mji. Nax si ya kabila moja. Meza moja ni Wakikuyu wa Bahati, ingine ni Wakale wametoka Rongai na Kabarak, huko nyuma kuna Waluhya na Wajaluo wa Bondeni na Kivumbini. Msee mjanja anacheki chumba kabla ya kushika gita. Akiona meza ya Wakale imeanza kuangalia mlango, anatupa korasi ya Kipchamba arap Tapotuk, yule mzee wa Koilong'et Band, hata ka Kikale chake kimevunjika pande zote. Meza inarudi. Watu wanasimama, wanashikana mabega, laini inazunguka club, na hapo katikati unapata watu wenye wazazi wao hawakuwa wanaongea 2008, baada ya vita ya uchaguzi. Sisemi gita ilimaliza hiyo mambo. Nasema tu hiyo korasi haikuwekwa hapo juu ya melodi.

Kuna kitu ingine watu wa Nai hutucheka nayo, na ni hii mapenzi yetu ya country. Wacha wacheke. Kuanzia Naivasha hadi Molo, panda Mau Summit, ingia Kericho, ukikosa kuskia Kenny Rogers kwa mat siku nzima jua redio ya dere imeharibika. Hii ndio ilikuwa nchi ya mashamba ya masetla, na gramafoni zao zilikuja na rekodi zao. Kisha redio ikachukua, KBC na ile kipindi yao ya Sundowner, na mabuda wetu wakalelewa na Jim Reeves, msee mwenye alikufa kwa ajali ya ndege 1964 na hadi leo anaimba kwa matanga zetu ka ametoka tu Gilgil. Na ukiskiza vizuri hizo ngoma zinaongea nini, utaelewa: shamba, ng'ombe, mathe, kanisa, pombe, na dem amehepa na mtu ako na gari. Hakuna kitu hapo mtu wa Ol Kalou anahitaji kuelezwa.

Shida ni kofia. Kuna wasee wakishaivaa tu wanaanza kuimba na mapua, wanavuta maneno ka wamezaliwa Texas, na ukimuuliza kwao ni wapi anakuambia Elburgon. Hiyo ndio njia ya haraka zaidi ya kuua kava. Jim Reeves hakuwa anaigiza akiimba, ilikuwa sauti ya kwao. Msee wa Elburgon akitaka kumfuata Jim Reeves ukweli, basi aimbe na sauti ya Elburgon. Nimeskia kina mathe kwa harusi huku wakiimba Dolly Parton na ile Kizungu yetu yenye "r" na "l" zimebadilishana viti, na ilikuwa imeshika kuliko mtu yeyote na kofia.

Na juu tumefika kwa Dolly, hebu nikae hapa kidogo, huyu mathe amefunza dunia vile kava hufanya kazi. I Will Always Love You aliitoa 1974, na haikuwa ya mchumba. Alikuwa anamuaga Porter Wagoner, mdosi wake wa kazi mwenye walikuwa wanaimba na yeye kwa TV. Yaani ni barua ya kuacha kazi, na ni barua ya heshima. Baadaye Elvis Presley akaitaka, lakini meneja wake, Colonel Tom Parker, akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa, na alilia juu alikuwa anampenda Elvis. 1992 Whitney Houston akaichukua kwa filamu ya The Bodyguard. Kitu ya kwanza alifanya ni kutoa gita nje, akatoa kila kitu, akaanza na sauti tupu. Dolly anaaga akiwa ameshika mlango tayari. Whitney bado amekaa kitandani, hajafunga hata bag. Ni ngoma mbili, maneno yale yale, na zote ni za ukweli.

Sasa karibu kila karaoke hapa mjini kuna dem ama chali atapanda ajaribu ya Whitney, na kila mtu anajua venye itaisha. Vesi ya kwanza iko sawa. Ya pili, tunasali. Ikifika ile mahali ngoma inanyamaza sekunde moja kisha sauti inafaa kupasua dari, watu wazima wanashika glasi zao. Ushauri wangu ni wa bure: imba ya Dolly. Kuna mathe mmoja huja na bag yake ya kazi bado kwa bega, na siku moja aliiimba ya Dolly pole pole, bila kupanda mahali, na nikajua huyo amewahi kuacha kazi.

Lakini kava kali zaidi imewahi toka hii Bonde la Ufa, hakuna club inaipiga. Toka Nax, pita Salgaa, panda Mau Summit, shuka Kericho, fuata majani chai hadi Litein, na mbele kidogo ni Kapkatet. Hapo 1950 alifika Hugh Tracey, mzungu mwenye alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi. Akapata Wakipsigis wakiimba kuhusu mtu anaitwa Chemirocha. Kumbe ni Jimmie Rodgers. Rodgers alikuwa msee wa Mississippi, alifanya kazi ya breki kwa treni kabla akuwe baba wa country, na TB ilimuua 1933. Alikuwa amezikwa miaka 17 tayari, lakini rekodi zake zilikuwa zimefika Kericho na gramafoni za wazungu, na jina yake ikaingia kwa mdomo ya Kikipsigis ikatoka hivyo.

Tracey alirekodi Chemirocha tatu. Mbili ni za wanaume. Ya tatu ni ya msichana anaitwa Chemutoi Ketienya na wenzake, wanaimba juu ya chombo ya nyuzi ya kinyumbani, na hiyo ndio imezunguka dunia. Manze, itafute. Sauti ziko mbali ka zinatoka ng'ambo ya kilima, na nyuzi zinarudia kitu moja tu, haziharakishi. Vile Tracey aliandika, hao wasichana walikuwa washamgeuza Rodgers kiumbe nusu mtu nusu swara, na wanamwita aje aruke nao densi, aruke hadi nguo zimtoke.

Najua kuna mtu ataniambia hiyo si kava. Ukitafuta ngoma ya Rodgers hapo ndani huipati, si melodi, si maneno. Mimi nasema ni kava na nusu. Wengine wote huchukua ngoma moja ya msanii. Hao wasichana walikava msee mzima. Waliskia sauti bila sura, ikitoka kwa sanduku ya mzungu, ikipiga yale mayowe yake ya milimani, na hawakusema "wacha tujaribu kuimba ka yeye". Walijiuliza: huyu ni nani, na akikuja hapa kwetu tutamfanyia nini? Jibu yao ilikuwa kumwalika sherehe na kumvua nguo. Kwa miaka zote Wazungu wameandika Mwafrika ka kiumbe ya maajabu, hapa kuna watoi wa Kapkatet walirudisha hiyo salamu, na walikuwa wanacheka.

Hizo rekodi zilikaa Afrika Kusini kwa maktaba ya ILAM, Chuo Kikuu cha Rhodes. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa ILAM pamoja na Ketebul Music ya Tabu Osusa na mradi wa Singing Wells walizirudisha Kapkatet, watu wakaskia wazee wao. Mimi bado nangoja siku itapigwa kwa nganya.

Ukishaskia hiyo, zile kava kubwa za kawaida unaziangalia tofauti kidogo. Malaika imeimbwa na kila mtu. Fadhili William aliirekodi, wengine wanasema mwenyewe ni Adam Salim, hiyo kesi siingii. Miriam Makeba aliibeba na Harry Belafonte 1965, na matamshi yake hayakuwa ya Pwani hata kidogo, lakini uchungu ulikuwa mahali pake. Boney M wakaiweka 1981 na vyombo vingi vya kumeta. Sasa, hiyo ni ngoma ya kijana hana mali ya kuoa. Ukiiskia kwa Boney M unashindwa kwa nini huyu msee asiuze tu hivyo vyombo alipe mahari.

Shauri Yako nayo ilimezwa. Nguashi N'timbo na Festival du Zaire ndio walianza, Super Mazembe wakaja nyuma yao wakaiimba, na uliza mtu yeyote kwa stage ya Kaptembwo leo ni ya nani, atakuambia Mazembe bila kufikiria. Hiyo ni kava imeshinda hadi ikawa uonevu. Na kuna Ayub Ogada, mwenye alijikava mwenyewe. Kothbiro ilikuwa ngoma ya bendi yao Black Savage miaka ya 70, na magita ya umeme. Akairudia 1993 na nyatiti, na hiyo ndio ilienda hadi kwa filamu ya The Constant Gardener. Alitoa vitu, hakuongeza. Wasee wengi hukosea hapo, wanadhani kuboresha ni kujaza.

Mat za Pipeline na Free Area nazo zina chuo yao, na ni ya reggae. Hapo ndio utagundua nusu ya ngoma ulidhani ni za Jamaica ni za wazungu wameketi kwa piano. Busy Signal alichukua One More Night ya Phil Collins, ya 1984, akaitoa 2010, na hakuna mtoi wa Langa Langa anajua Phil Collins ni nani na hakuna haja ajue. UB40 walikava Red Red Wine 1983 wakidhani ni ya mtu wa reggae, juu walikuwa wameiskia kwa Tony Tribe. Kumbe ni ya Neil Diamond. Reggae inafanya kitu moja safi: inaharibu haraka ya ngoma. Ile pop ilikuwa inalia inaanza kutembea, na mtu akitembea na shida zake anazisema vingine.

Kwa hiyo hiyo mat utapigiwa Fast Car. Tracy Chapman, 1988, na sidhani kuna ngoma ya Marekani inaelewa stage ya Nax kuliko hiyo: kazi ya duka, buda mlevi kwa nyumba, na ndoto ya kuingia gari uende mahali, mahali popote. Huku hiyo gari ni shuttle ya Nai na fare umeomba. 2023 Luke Combs, msee wa country, akaikava, na hakubadilisha hata ile sehemu mwenye anaongea ni msichana anafanya kazi kwa supamaketi. Mwanaume mzima na ndevu akaimba hivyo hivyo. Hiyo ilinishika. Wasanii wetu wakikava ngoma ya dem, kitu ya kwanza ni kugeuza "chali" iwe "dem" ndio beshte zao wasiwacheke, na mistari inaanza kuchechemea. Combs aliamini stori. Chapman naye akapewa CMA ya wimbo bora wa mwaka, miaka 35 baada ya kuutoa, Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuishinda ka mwandishi wa wimbo.

Rap ndio inanisumbua. Kila open mic hapa Nax lazima kuna mtu atafanya E-Sir, na hapa hiyo si ngoma tu. Tarehe 16 Machi 2003 E-Sir alikuwa anatoka huku Nakuru baada ya shoo, wako na Nameless, wanarudi Nai, ajali ikamchukua barabarani. Alikuwa na miaka 21. Nameless alipona. Sisi tulizaliwa tukipewa hiyo stori na wasee wakubwa kwa mtaa, na kila mmoja anadai alikuwa kwa hiyo shoo, hadi nashindwa walitoshea wapi.

Sasa, rapper anaandika kuhusu yeye. Jina yake, mtaa yake, maadui zake. Boomba Train iko na E-Sir na Nameless ndani, kwa majina. Wewe wa Section 58 ukiisema vile iko, umebeba kitambulisho ya mtu mwingine. Ukitoa jina yake uweke yako, ngoma inaanguka, juu ile raha yote ilikuwa ni yeye. Kwa hivyo hakuna kava ya E-Sir imewahi nibamba ka kava. Lakini nimecheki vile chumba hufanya. Msee akianza tu mstari wa kwanza, watu wanamnyang'anya, wanaimba wao, na yeye anabaki ameshika maiki akiielekeza kwa watu. Hapo hakuna mtu anaimba ngoma ya mwingine. Ni mji unaita mtu mwenye alitoka hapa hakufika.

Tuje kwa TikTok, na sitakaa. Kava nyingi za keja ziko na ugonjwa mmoja: kuchelewesha. Mtu anachukua ngoma ya sherehe, anaipunguza mwendo, anaweka piano, anafunga macho, na ngoma ya kudunda imekuwa ya matanga. Ukiuliza ni nini ameona ndani ya hiyo ngoma, hakuna. Ameona tu ikienda pole. Tusker Project Fame nayo ilitufunza ati kuimba ngoma ya mwingine ni mtihani wa sauti, unapigwa maksi. Ruth Matete alishinda 2012 na alikuwa anastahili, sauti iko. Lakini sauti kali inaweza pita ndani ya ngoma bila kugusa kitu, ka mgeni mwenye heshima sana.

Kuna mambo ya ganji pia, na wasee hawapendi kuyaskia. Ukipiga ngoma ya mwenyewe kwa club, mwenye club ndio anafaa kuwa amelipa leseni ya muziki. Ukiirekodi uiweke YouTube, hiyo inataka ruhusa ya mwenye ngoma, na "sina haki na huu wimbo" kuandika hapo chini haikuokoi. Sheria ya Kenya inalinda ngoma maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Kamaru alikufa 2018. Kwa hivyo Ndari ya Mwarimu iko na wenyewe hadi mwisho wa 2068, na wewe na kofia yako mtakuwa wazee. Mjukuu wake, mwenye pia anaitwa Joseph Kamaru na anajiita KMRU, ameenda njia yake kabisa. Anarudisha rekodi za guka yake kwa soko vile zilikuwa, na muziki yake mwenyewe ni ya sauti za mazingira, hakuna mahali utashika korasi. Alichukua jina, akawacha ngoma zikae. Saa zingine hiyo ndio heshima.

Na saa zingine hakuna mtu anafanya kitu na ngoma inabadilika yenyewe. Kasongo ya Super Mazembe imekuwa ikilia kwa mabaa za Nakuru tangu miaka ya 70, bibi analilia bwana yake arudi nyumbani. Kuelekea mwisho wa 2024 nchi ikampa Rais hiyo jina, na ghafla watoi wenye hawajawahi skia rumba wakawa wanaijua kwa kichwa. Hakuna noti iligeuzwa. Hiyo siwezi kuieleza na theory yangu, na nimejaribu.

Kenye nadai saa hii ni hii. Nataka mbogi moja ya Kaptembwo, ama ya Kericho town, wachukue Kipchamba wamweke kwa biti ya drill, na ile gita yake isitolewe, iachwe juu kabisa. Wapate ruhusa ya familia kwanza. Halafu waende Kapkatet, wakuwe na madem watatu wanne wa huko kwa korasi, na wawaambie waimbe kuhusu star yeyote wanamskia kwa simu na hawajawahi kumwona. Waulizwe akikuja watamfanyia nini. Mimi nitalipa gate.